Bi Kope Aliondoka Amefumba Macho

Saa mbili na robo asubuhi, Jumatatu ya katikati ya mwezi wa saba, Goodluck Mapunda aliingia kwenye banda la Mzee Silvio kijijini Mpapura ili achukue gari lililokwisha kuuzwa, akakuta hewa. Nguzo zilikuwepo, paa la bati lilikuwepo, na turubai lilikuwa limekunjwa pembe kwa pembe, kama khanga iliyotoka kuanuliwa kambani. Gari halikuwepo.

"Mzee!" aliita. "Mmelihamisha?"

Mzee Silvio alitokea upande wa jikoni, mrefu, amevaa shati jeupe la siku za kanisani. Hakupiga kelele wala hakushika kichwa. Alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa, magoti yakamfika kifuani, akasema kwa sauti ya mtu anayesoma jambo lililoandikwa mbali:

"Limeibwa."

Habari zilifika Mtwara mjini kabla ya polisi kumaliza kufunga kamba za viatu, maana gari lenyewe halikuwa la kupotea kimya kimya. Lilikuwa Corvette, gari la mbio la Kimarekani la miaka ya sitini, rangi ya buluu. Mzee Silvio, alipokuwa kijana anayekimbia vita ya Msumbiji, alilivusha mto Ruvuma juu ya mitumbwi iliyofungwa pamoja, baada ya tajiri wa Kireno aliyekuwa akimwendeshea kumtupia ufunguo na kupanda ndege. Bodi yake ni ya faiba, kwa hiyo chumvi iliyokula magari yote ya pwani hii haikupata pa kung'ata. Na taa zake za mbele hujificha. Ukizizima hugeuka na kuzama ndani ya boneti, ukiziwasha hufunguka polepole kama mtu anayeamka na usingizi wake bado uko naye. Watoto wa Mpapura waliliita Bi Kope, na watu wazima wakafuata.

Inspekta Elizabeti Mwambene alifika saa tano kasoro. Alikuwa mtu wa Tukuyu, nchi ya ukungu na migomba, na Mtwara alikuwa na miaka miwili tu. Kituoni walimtania kwamba yuko kazini lakini akili iko likizo, kwa sababu angeweza kukatisha sentensi katikati, akatazama dirishani kitambo, kisha akarudi na swali ambalo hakuna aliyelitegemea. Yeye mwenyewe hakujitetea. Tangu utotoni aliziona siku zake kama kwa nyuma ya pazia jepesi, na alikuwa amezoea kulisubiri pazia lisogee lenyewe.

Banda lilisimama kwenye mteremko, limezungukwa na mikorosho. Ulikuwa msimu wa kupuliza salfa, ule unga wa manjano unaoikinga mikorosho na ugonjwa wa ubwiri. Wapulizaji huamka na umande, hubeba pampu zao mgongoni, na wakipita shambani hugeuza dunia yote kuwa ya manjano: majani, mapaa, kuku, hata mbwa. Siku hiyo kila nyumba iliyo jirani na shamba hufungwa madirisha mpaka ukungu ule utulie, maana salfa na macho ya mtu havipatani. Elizabeti alipiga chafya mara tatu, akaingia bandani, akazunguka, akatazama sakafu ya udongo, akatazama turubai. Nje, alama za magurudumu ya brekidauni ya Goodluck zilikuwa zimevuruga kila kitu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu afande."

"Mara ya mwisho umeliona lini?"

"Leo asubuhi. Jana jioni nililifunika mwenyewe. Alfajiri wakaja wapulizaji, wakamaliza, wakaondoka. Saa moja na nusu nikatoka, nikaliona liko. Nikaenda kwa jirani kunywa chai. Niliporudi nikamkuta kijana huyu kasimama hapa."

"Una hakika unga ulikuwa umekwisha kupulizwa?"

"Nna hakika. Lilikuwepo."

"Ufunguo?"

"Wangu uko msumarini ndani. Wa akiba nilimpa Goodluck tangu Jumamosi."

Goodluck, wakala wa forodha kutoka bandarini, alipekuliwa papo hapo na ufunguo ukatoka mfukoni mwake. Askari wawili walioongozana na Inspekta waliangaliana kwa furaha ya watu wanaouona ugali tayari. Kijana ana ufunguo, ana brekidauni, yuko mahali penyewe saa yenyewe. Wakampandisha kwenye gari la polisi huku akiapa kwa mama yake aliye hai na baba yake aliye kaburini.

Elizabeti aliingia ndani kuonana na mke wa mzee. Bibi Francisca alikuwa amekaa kwenye mkeka, mfupi, mwepesi, mikono imara ya mtu aliyetwanga maisha yake yote. Alifanya kazi ya kubangua korosho miaka mingi, na msimu mmoja mafuta ya ganda yaliruka kutoka kikaangioni yakampata usoni. Jicho la kulia lilikufa siku ile. La kushoto lilikuwa likizimika polepole. Siku hiyo yote mawili yalikuwa mekundu, yanatiririka machozi, na alikuwa akiyafuta kwa pindo la khanga.

"Pole, bibi. Unalilia gari?"

"Ni moshi tu, mwanangu. Kuni mbichi."

Elizabeti alitazama jikoni. Pale mafigani palikuwa na jivu baridi na sufuria iliyopinduliwa.

"Mlikuwa mnaliuza kwa sababu gani?"

"Kwa sababu ya hili." Aligusa jicho la kushoto. "Daktari kasema linahitaji kioo kipya, India huko, kabla mvua hazijaanza. Zikianza, litakuwa limezimika. Meli ya mnunuzi inaondoka Alhamisi. Gari lisipokuwemo, mnunuzi anajitoa."

"Bado unaona kiasi gani?"

"Naona mwanga. Naona rangi ikiwa kubwa. Wewe umevaa khaki. Bi Kope namwona vizuri kuliko watu wote." Alitabasamu, kisha akaliondoa tabasamu haraka kama aliyechukua kitu kisicho chake.

Ukutani kulikuwa na picha ya zamani imeanza kuwa kahawia. Msichana mwenye kitambaa kichwani amekaa ndani ya gari, upande wa kushoto, anacheka mpaka fizi. Mikono yake haionekani, imefichwa na mlango.

"Ni wewe?"

"Nilikuwa mimi," alisema Bibi Francisca.

Elizabeti aliiangalia picha ile kitambo kirefu. Aliwaza jinsi ilivyokuwa raha kuwa abiria kwenye gari la namna ile, upepo usoni, bila kujali barabara. Akaaga akaondoka.

*

Saa tisa alasiri, kituoni, Goodluck alikuwa ameishiwa viapo na amebaki na jasho.

"Ulitangulia kufika, ukalipakia gari, ukaliacha mahali, ukarudi kujifanya umeshangaa," alisema Elizabeti. "Ndivyo wanavyosema wenzangu."

"Afande, nilipitia Mtwara mjini kuweka mafuta. Kituo kizima kimeniona."

"Kituo kizima hakina saa. Nani mwenzako?"

"Sina mwenzangu! Na hata ningetaka kuliendesha, ningeliendeshaje? Mimi nimejifunzia gari la otomatiki. Lile lina gia za mkono, klachi nzito kama mguu wa tembo, halafu usukani uko kushoto! Jumamosi mzee alinikalisha nikagusa tu, nikajiona kama nimevaa shati kinyumenyume. Ndiyo maana nikaja na brekidauni."

"Nani analiweza?"

"Mzee mwenyewe. Yule mpwa wake, Armando, alijaribu akaishia kwenye mihogo. Kijiji kizima kinasimulia."

Armando. Elizabeti alikuwa amelisikia jina hilo mara mbili njiani. Mzee Silvio na mkewe hawakujaliwa mtoto, na kwa Wamakua mali ya mjomba hushuka kwa watoto wa dada. Armando alikuwa akingoja gari lile tangu aanze kunyoa ndevu, na siku aliposikia linauzwa alitoa maneno yaliyofika mpaka sokoni. Sasa anafanya biashara ya samaki wakavu ng'ambo ya Ruvuma. Wizi wa gari, na mtu mwenye hasira, na mpaka uko pua na mdomo: askari wake mmoja alishaanza kuandaa safari ya Kilambo, kwenye kivuko cha mpakani.

Elizabeti alimpigia simu.

"Afande, niko Msumbiji tangu jana mchana," ilijibu sauti yenye kelele za watu nyuma yake. "Nimekwama. Tangu jana maji hayajai vya kutosha, kivuko hakitembei. Waulize watu wa kivuko, tumelala nao hapa hapa mchangani, mmoja anakoroma kama jenereta."

"Gari la mjomba wako limeibwa."

"Bi Kope?"

"Ulisema utalichukua kwa nguvu."

"Nilisema. Nilikuwa na hasira. Lakini bibi anahitaji jicho, afande. Hilo ningemjibu nini mama yangu akifufuka? Litafuteni. Mimi nitatafuta gari lingine la kugongea mihogo."

Watu wa kivuko waliulizwa, wakathibitisha, na yule wa kukoroma akakanusha kwa ukali. Hakuna gari la aina yoyote lililokuwa limevuka tangu Jumapili mchana.

Jioni, Elizabeti alitembea Shangani kama ilivyokuwa desturi yake, kando ya bahari, kati ya familia zilizotoka kupunga upepo. Maji yalikuwa yametulia. Aliketi kwenye ukuta mfupi, akavua viatu ili atoe mchanga, akavigonganisha. Unga wa manjano ukapeperuka.

Alitazama soli. Salfa ilikuwa imeshika kila mfereji. Lakini shambani hakuwa ameingia. Alishuka garini barabarani, akapita kwenye majani, akaingia bandani, na humo ndimo alimozunguka, katikati kabisa, pale ambapo gari linakaa siku zote.

Pazia likasogea.

Kama gari lingekuwepo wakati wa kupuliza, unga ungeangukia juu ya turubai na pembeni, na chini yake pangebaki safi, umbo zima la gari limechorwa kwenye udongo. Lakini sakafu ilikuwa ya manjano sawasawa, kila mahali, kama meza iliyotandikwa kitambaa. Na turubai lilikuwa na unga upande wa juu tu, pale lilipokunjwa. Gari liliondoka kabla ya wapulizaji, siyo baada. Saa ile huenda Goodluck alikuwa bado kitandani, lakini bila shahidi asingeweza kumwachia.

Na Mzee Silvio, mwenye shati jeupe na sauti ya upole, alikuwa amedanganya. Elizabeti alivaa viatu vyake. Aliona uchungu kidogo, kwa sababu alikuwa amempenda yule mzee.

*

Jumanne, jua limeshapanda, alimkuta Bakari, kiongozi wa wapulizaji, akifua nguo zake za kazi kwenye ndoo. Maji yalikuwa rangi ya kiini cha yai.

"Jana mlianza saa ngapi?"

"Kumi na mbili kasorobo, afande. Kwa mzee ndiko tulikoanzia."

"Bandani kulikuwa na gari?"

Bakari aliinama zaidi kwenye ndoo. "Mie nikiwa na barakoa sioni pembeni."

"Kabla ya kuvaa barakoa?"

Alifua shati lile lile muda mrefu kuliko lilivyostahili. Mwishowe akasema, "Afande, mie sijanywa."

"Sijasema umekunywa."

"Wenzangu watanicheka mpaka msimu ujao."

"Niambie mimi tu."

Bakari alikausha mikono. "Nilitangulia peke yangu, nimepitia ile njia ya zamani ya tolori, vile vigari vya reli vya shamba la mkonge lililokufa; reli zilishang'olewa. Inanyooka kama kamba mpaka kwenye ghala bovu, kule kwenye mashamba ya chumvi. Mwanga ndio kwanza unapasuka. Nikasikia muungurumo unakuja mbele yangu. Nikajitupa pembeni, upande wa kulia wa gari. Akapita Bi Kope. Polepole, afande, kama anatembea usingizini. Taa hakuwasha, alikuwa amefumba macho. Nikachungulia ndani. Hapakuwa na dereva."

"Kiti kilikuwa kitupu?"

"Kitupu. Mtu yupo, lakini kwenye kiti cha abiria, kule kushoto. Mdogo, kajifunika, kainamisha shingo hivi, kama anasikiliza kitu. Abiria yupo, dereva hayupo, na gari linakwenda! Mie nikasema ni jini kalipenda gari la mzee. Nikanyamaza."

Elizabeti alitazama mbali, mahali ambapo hapakuwa na kitu cha kutazama, kwa muda mrefu hadi Bakari akakohoa. Aliona msichana anayecheka mpaka fizi. Aliona shati lililovaliwa kinyumenyume. Yeye, Bakari, na kila mtu aliyezaliwa nchi hii, akiona mtu kakaa kushoto anamwita abiria na kumsahau.

"Bakari, hukumwona jini," alisema. "Asante sana."

Mzee Silvio na Bibi Francisca walikuwa barazani. Elizabeti aliwaamkia, akaomba ruhusa, akaingia ndani, akatoka na ile picha.

"Bibi, hapa umekaa wapi?"

"Kwenye gari, mwanangu."

"Upande gani?"

Mzee Silvio alisimama ghafla.

"Mie ndiye niliyeiba. Andika, afande. Nilijuta kuliuza, nikalificha. Nifunge pingu."

"Mzee, kaa. Wewe ungewasha taa. Giza lilikuwa bado halijaisha, na wewe una macho mazima. Aliyeondoka na gari lile hakuwasha taa kwa sababu kwake taa hazina faida yoyote. Alikwenda kwa kusikiliza kokoto. Ile njia imeinuka katikati. Tairi likitoka pembeni, mawe yanapiga kelele, unarudi. Na kabla ya kuondoka alikunja turubai, pembe kwa pembe, kama anavyokunja khanga. Mwizi gani anakunja turubai?" Alimgeukia bibi. "Halafu akarudi kwa miguu. Njiani akakutana na salfa. Nyumba zote zimefungwa kwa ajili ya unga huo, na yeye mwenye macho mabovu kuliko wote akapita katikati yake. Bibi, jana hapa hapakuwa na kuni mbichi. Hapakuwa na moto kabisa."

Kuku mmoja wa manjano alikatiza uwanja. Bibi Francisca alinyoosha mkono, akaipokea picha, akapapasa upande wa kushoto kwa kidole.

"Nimekaa upande wangu," alisema.

Walikwenda wote watatu kwa miguu, kwenye njia ya tolori, bibi mbele kwa sababu ndiye aliyeifahamu zaidi. Ghala la mkonge lilikuwa limepoteza milango na nusu ya paa, na mbele yake mashamba ya chumvi yalimeremeta mpaka mwisho wa kuona. Bi Kope alikuwa ndani, kwenye kivuli, ametulia. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Elizabeti kumwona, na kwa muda akasahau kwamba yeye ni askari. Buluu ile ilionekana kama kipande cha asubuhi ambacho hakuna mtu aliyekigusa.

Alifungua mlango wa kushoto. Kiti kilikuwa kimevutwa mbele kabisa, karibu kugusa usukani, na juu yake kuna mto wa kitandani.

"Mzee ana magoti yanayofika kifuani," alisema kwa upole. "Hapa asingeingia hata mguu mmoja."

Mzee Silvio aliegemea ukuta. "Mimi nilisikia," alisema, akimwambia mkewe, siyo polisi. "Ulilisukuma mteremkoni ukaliwasha kule chini. Nikasikia klachi inakanyagwa mara mbili. Nani mwingine anakanyaga mara mbili? Mimi ndiye niliyekufundisha. Nikadhani naota tuko vijana. Nilipoamka kweli, kitanda kiko baridi."

"Ukamwambia polisi gari liliondoka saa moja na nusu," alisema Elizabeti, "ili liwe limeibwa wakati bibi yuko ndani na majirani wanamsikia."

"Ndiyo."

"Na Goodluck?"

Mzee hakuinua macho. "Sikujua atafika mapema vile. Alipokamatwa nikasema kesho watamwachia. Nimemkosea yule kijana. Nimekosa sana."

"Amelala sakafuni kwa ajili yako, mzee. Yeye hakuota ndoto yoyote." Elizabeti alisema hivyo kwa ukali, na ukali ule ulikuwa wa haki. Kisha akamgeukia bibi. "Sasa nieleze. Gari linauzwa ili upate jicho. Kwa nini ulifiche?"

Bibi Francisca alikuwa ameweka kiganja juu ya boneti, mahali taa zilipolala.

"Huyu mzee huimba," alisema. "Humjui wewe. Tangu tuvuke mto, kila jioni huchukua kitambaa, humfuta Bi Kope, na huimba. Sauti yake mbaya, haifuati wimbo. Miaka yote. Nilipoanza kupoteza macho nikasema si neno, nitakaa barazani nitamsikia. Ndio ukawa mwanga wangu. Basi siku alipokuja mnunuzi, wakakubaliana, jioni ile akachukua kitambaa, akafuta. Kimya. Kesho yake kimya. Wiki tatu, mwanangu, nasikia kitambaa tu kinapita." Alifuta jicho. "Nikajiuliza, nikirudi kutoka India na jicho jipya, nitaona nini? Banda tupu na mume aliyenyamaza. Nikasema meli iondoke kwanza. Baadaye nitakiri."

Upepo wa chumvi uliingia kupitia paa bovu.

"Francisca," alisema Mzee Silvio. "Nilinyamaza kwa kuwa nilikuwa nahesabu siku. Kila siku daktari aliyotupa. Niliogopa nikiimba utasikia kwamba naogopa."

"Ulikuwa hulilii gari?"

"Lile gari nililivusha kwa sababu wewe ulikuwa umekaa ndani yake. Umesahau? Mitumbwi inayumba, watu wananiambia tupa hilo dude, okoa mke. Ulikataa kushuka. Ningekuwa peke yangu ningelitosa mtoni." Alicheka na kulia kwa pamoja, jambo ambalo wazee hulifanya bila aibu. "Mimi nalilia jicho lako. Gari ni gari."

Bibi alisimama, kichwa kimeinama upande mmoja, kama Bakari alivyomwona. Alikuwa akiyapima maneno yale kwa sikio, akitafuta ufa. Hakuupata.

"Basi liuze," alisema. "Lakini siku linaondoka, uimbe. Nisikie. Ukinyamaza, siendi India."

Elizabeti alitoka nje kidogo, akatazama chumvi, ingawa hapakuwa na kitu cha kupeleleza huko. Aliporudi alisema mambo mawili. La kwanza, mke hawezi kufunguliwa kesi ya kuhamisha gari la nyumbani kwake. La pili, Mzee Silvio ataongozana naye kituoni sasa hivi, afute maelezo yake ya uongo kwa mkono wake, na amwombe Goodluck msamaha mbele ya askari wote.

"Akikataa kunisamehe?"

"Ana haki ya kukataa."

Goodluck alikataa kwa saa nzima. Kisha akauliza kama bibi ataiwahi meli, akaambiwa inategemea wakala wa forodha. Akaomba maji ya kunawa uso.

*

Alhamisi asubuhi, bandarini Mtwara, Bi Kope aliteremshwa kutoka kwenye brekidauni na kusimama mbele ya kontena lililo wazi. Wapakiaji waliacha magunia yao wakaja kutazama. Armando alikuwa amefika, ananuka samaki, anajifanya hana habari. Elizabeti naye alikuwepo, ingawa hakuna aliyemwita.

Mzee Silvio alimsogeza mkewe mpaka kwenye mlango wa kushoto, akamkalisha, akauvuta mlango. Yeye akazunguka, akakaa upande wa kulia.

"Washa taa," alisema Bibi Francisca.

"Mchana huu?"

"Washa. Aondoke anaona."

Mzee akanyoosha mkono kwenye swichi. Macho ya Bi Kope yakafunguka polepole, na wapakiaji wakarudi nyuma hatua moja. Bibi akakanyaga klachi, mara mbili.

"Nyoosha," alisema mzee. "Kulia kidogo. Hapo hapo. Nyoosha."

Gari liliingia kontenani kwa mwendo wa mtu anayeingia kanisani akiwa amechelewa. Injini ikazimwa. Walitoka kwa kujibana, mmoja huku mwingine kule, na Goodluck akashika mlango wa chuma mkono mmoja, akangoja.

Mzee Silvio alifungua kinywa. Hakikutoka kitu. Bibi Francisca alikuwa amesimama kwenye jua, macho mekundu, shingo imeinama, anasubiri. Goodluck, ambaye alikuwa na kila sababu ya kuubamiza mlango ule, hakuusogeza hata kidogo.

Ndipo mzee akaanza. Sauti ilitoka imevunjika, haifuati wimbo wowote, mbaya kweli kama bibi alivyosema, na akaimba mpaka winchi zikasimama. Goodluck akafunga mlango taratibu sana, asiukatize wimbo.

"Endelea," alisema Bibi Francisca. "Nakuja."

Akanyoosha mkono hewani kuelekea sauti ile, akaupata mkono wa mzee.